Nadhiri ya Jabir na Jina la Theluji

Jumamosi, 2 Agosti 2025
Nimejifungua! Msichana, hapa hospitali ya Micheweni, mzima, sauti kama king'ora. Uchungu ulikuwa wangu, lakini aliyelia ni mume wangu. Jabir kanadhiri mlangoni, wakunga wote wanasikia: tukitoka salama, mtoto ataitwa jina la daktari. Hakuuliza daktari nani. Daktari ni Mbulgaria wa kujitolea — Snezhana.
Mimi jina ninalo tangu mimba changa. Time. La mama yangu, Mungu amrehemu.

Jumatatu, 4 Agosti
Mama mkwe, Bi Mwanabaraka, hataki kusikia habari ya Time. Nadhiri haivunjwi, anasema. Ila hilo Snezhana lenyewe halimtoki, meno ya bandia yanacheza.
Nimemtuma Jabir akaulize maana. Jina lisilo na maana njema Shehe Masoud hatalipitisha. Tumaini langu liko hapo.

Jumatano, 6 Agosti
Daktari kajibu kwa voisi. Jina la kwao, linatokana na neno lao la theluji. Mtoto wa theluji, mweupe, safi.
Theluji! Na huyu wangu mweusi tititi, kazaliwa kwenye jua la kuanikia mwani.
"Ntoto yuno tumwite barafu?" Mama mkwe kakaa chini. Nimecheka mpaka mshono ukauma.
Sikufaidi. Shehe kapita, kasikia, katabasamu. Mtume aliomba asafishwe makosa kwa maji na theluji, kasema — jina zuri mno. Nimelia. Namtaka mama yangu.

Ijumaa, 8 Agosti
Siku ya saba, akika: mtoto ananyolewa na kupewa jina. Mbuzi yuko jikoni. Daktari kaja kavaa kanga. Nimemvuta chumbani, nimemwambia yote. Kasikitika. Kumbe na yeye karithi jina la bibi yake, ndiyo mila yao! Nadhiri kaisamehe, atamwambia Shehe mwenyewe. Nimembusu mikono.
Naandika kitandani, pazia wazi. Wembe uko kichwani mwa mwanangu. Daktari anasema taratibu: mtoto apewe jina la bibi, kama mila ya kwao, na yeye daktari atakuwa ameheshimiwa. Shehe anaafiki. Jabir anapumua.
Bibi yupi, anauliza Shehe.
Kwetu, anajibu daktari, uso umemng'aa, huanza mama wa baba.
Mama mkwe ameshajifunga kanga upya, anasogea mbele —