Fensi Iliyonyamaza

Wanjiku, mjukuu wangu,

Huku Subukia tuko salama. Cucu, nyanya yako, ameshinda akichuma kahawa, anakusalimu sana. Umeniuliza uanzie wapi na ile programu ya kompyuta inayokusikilizia redio ya mawasiliano, maana sasa inakuita kwa kila kelele.

Nikiwa kijana nilikuwa nashika redio ya mawasiliano kwa stesheni ndogo ya reli karibu na Longonot. Ilikuwa inagonga tik, tik, tik siku nzima. Nikaripoti kwamba kuna mtu anatuma ujumbe wa siri. Mkubwa wangu alicheka mpaka akakaa chini: ilikuwa fensi ya stima ya ng'ombe wa jirani, kila mpigo wake unasikika redioni! Nikaizoea.

Asubuhi moja tik ikakatika. Nikatoka mbio, nikakuta ng'ombe wamejaa relini, na treni imeshatoka Naivasha. Nikarudi kwa redio hiyo hiyo, nikamwambia dereva asimame.

Kwa hivyo, wiki ya kwanza usiiambie ikuite. Iache irekodi tu, ijue kelele za kawaida za huko Mombasa. Halafu unijibu, maana sijalala vizuri tangu uniulize: inaweza kufundishwa ikuite kitu kikinyamaza?

Guka wako