Saba Jumlisha Tano Mbele ya Kamati

Shoga, leo nimeumbuka, sina pa kuficha uso!

Kamati ya wazazi imekuja darasani kwangu kuamua kama uji wa asubuhi ufutwe. Nikataka waone jinsi watoto walioshiba wanavyofikiri. Nikaandika ubaoni saba jumlisha tano, halafu kwa woga nikajaza jibu mwenyewe: kumi na moja.

KUMI NA MOJA, shoga!

Darasa zima likapaza sauti: "Kumi na mbili, Mwalimu!"

Mama mwenyekiti akauliza, "Hawa wamekunywa uji?"

"Ndiyo, mama."

"Na wewe, mwanangu?"

Nikanong'ona, "Hapana. Hata chai imenishinda."

Akawageukia wenzake: "Mnataka ushahidi gani tena? Uji haufutwi. Na huyu naye atafutiwe kikombe."

Nimepewa cha chekechea. Kina picha ya bata.