Suti Nilizotia Wanga

Kaka yangu mpendwa,

Natumai barua hii itakukuta mzima, na mgongo wako umeacha ukorofi. Wifi anaendeleaje na presha yake? Mwambie apunguze chumvi, na wewe umpunguzie maneno. Watoto huku hawajambo. Mimi niko niko tu.

Nilipokupigia simu juzi jioni ulinikatiza, ukasema ripoti ya ajali unaiandika wewe, na mkaguzi hazungumzii kesi na dada yake kwenye simu. Mwenye neno aliandike. Niliudhika sana. Nikasema moyoni, huyu hata msibani atadai stakabadhi. Sasa nimepoa, na neno ninalo, kwa hiyo naandika.

Shemeji yako bado yuko wodi ya walioungua. Uso umesalimika kwa sababu ya ile ngao ya plastiki, lakini kifua na mikono yote miwili, kaka, ni kidonda kitupu. Wakimbadilisha bandeji mimi hutolewa nje, na huko nje namsikia. Utani hajauacha, ila anatania kwa pumzi fupi. Jana alimwambia nesi kwamba akipona ataachana na umeme auze barafu.

Ilivyotokea unajua. Kiwanda hakikutaka mashine zisimame, basi msimamizi wao, yule wanayemwita Kipenga kwa kupenda kuamrisha, akamwambia afungue kabati la swichi umeme ukiwa ndani, akaze nati iliyolegea. Spana ikamponyoka, ikagusa vyuma viwili vyenye umeme. Anasema hakusikia mshindo. Aliona mwanga mweupe, kisha akajiona anawaka. Mwenzake Twiga ndiye aliyemvuta na kumzima kwa koti lake.

Sasa kiwandani wanasema hakufunga zipu ya suti ya kuzuia moto, maana suti iliyofungwa haiwezi kuwaka vile. Eti ni uzembe wake mwenyewe, kwa hiyo kiwanda hakihusiki. Naye kila anayekuja kumwona anamwapia kwamba aliifunga hadi kidevuni. Wageni wanaitikia kwa sauti ya kumbembelezea mtoto. Nimeyaona machozi yake, na si ya maumivu.

Turudi nyuma kidogo. Ulipokagua mara ya kwanza ulikuta suti zimejaa grisi, ukawaandikia onyo. Mafundi wenzake wakakubandika jina la Kalamu Nyekundu. Shemeji yako alicheka nao, lakini nyumbani alinuna, kwamba umemwaibisha mbele ya watu. Nikamwambia alete hiyo suti. Sikutaka kaka yangu amwone mume wangu mchafu. Niliifua ikang'aa, hata Kipenga akanipa suti zote za karakana niwe nazifua mimi. Na uliporudi kukagua, ulizipapasa kola, ukasema laiti viwanda vyote vingekuwa hivi, ukatia sahihi. Siku hiyo nilitembea kifua mbele.

Juzi asubuhi alikuja wodini mtu wa duka lililouza suti hizo, pamoja na Kipenga. Aliangalia kipande kilichobaki, akakinusa. Akaeleza kwamba kitambaa kile hutiwa dawa kisishike moto, na dawa hiyo huharibiwa na maji ya kung'arishia nguo nyeupe. Wanga nao, akasema, ni kuukaribisha moto. Alipouliza nani anazifua, Kipenga akajibu haraka haraka kwamba zinafuliwa kwa utaratibu. Mimi nilikuwa nimesimama palepale na chupa ya chai mkononi. Sikufungua mdomo.

Kaka, ni mimi. Nilikuwa nazilowesha kwenye maji hayo mpaka madoa yatoke, kisha nazitia wanga zisimame, halafu pasi. Ndani ya kola kulikuwa na kitambaa cha maelekezo, kina pembetatu iliyokatwa msalaba, kumbe ndiyo alama ya kukataza maji hayo. Shemeji yako alilalamika kinamwasha shingoni, nikakifumua kwa wembe. Nikafumua na vya wenzake, kwa huruma tu. Kimoja nimekikuta kwenye kopo la vifungo, nimekitia humu kwenye bahasha. Nilimvisha mume wangu kuni, kaka, halafu nikamwacha aitwe mwongo.

Jana nilikwenda getini kuwaambia wasizivae tena zile suti. Kipenga alinisikiliza mpaka mwisho, akasema mkaguzi alizipitisha, akafunga dirisha. Kwa hiyo umebaki wewe tu. Andika kuhusu umeme ambao hawakutaka kuzima. Niandike na mimi, wala usinifiche kwa sababu tumezaliwa tumbo moja. Sahihi yako nayo usiiruke. Lakini kabla hujashika kalamu, nenda ukawavue wale watu.

Msalimie wifi na watoto. Mama usimwambie bado, nitamweleza mwenyewe nikipata ujasiri wa kumtazama. Nakuombea afya, nawe tuombee huku.

Ni mimi mdogo wako,
Kiroboto

Nimeifungua tena bahasha. Nimemsomea shemeji yako barua hii yote, maana haikuwa haki uijue wewe kabla yake. Nesi akaja, akamaliza kazi yake, akaondoka. Kisha shemeji yako akaniagiza niongeze kwamba kabati lile halijamalizwa, na Twiga ndiye aliyepangwa kulifungua kesho asubuhi, umeme ukiwa ndani. Sasa uso ameugeuzia ukutani. Simu zangu hupokei tena, lakini jirani yetu fundi cherehani anakuja huko leo hii, nimemwambia akukabidhi wewe mkononi. Wahi, kaka. Suti ya Twiga utaijua kwa miguu, ni ndefu kuliko zote. Nilimshushia pindo mwenyewe.