Meza Hapa Nikuone

3 Februari

Dada yangu mpendwa,

Hujambo? Miguu yako inaendeleaje, bado inavimba ukisimama sana? Sisi huku wazima, ila nyumba imepoa tangu Chiriku wetu aje bwenini huko kwako. Kumbe mtoto mmoja ndiye aliyekuwa anapiga domo la watu kumi!

Dada, nina ombi. Mwanangu anaona aibu kupanga foleni kwenye dirisha lako kila akiumwa tumbo la mwezi. Wenzake wanamcheka. Mwache akae na vidonge vyake. Wewe si nesi wa shule tu, ni mama yake mkubwa. Hukosi njia.

Ni mimi mdogo wako.

10 Februari

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Miguu ndiyo hiyo, inataka mapumziko nami sina. Chiriku mzima, jana kanichekesha mpaka nikamwaga chai.

Ombi lako nimelisoma, jibu ni hapana. Usininunie. Hapa hata kidonge cha kichwa hakikai bwenini. Mzazi anakileta kwangu, nakifungia kabatini. Mtoto akiumwa, namuuliza kwanza amemeza nini, nampa, namwambia, "Meza hapa nikuone." Wananiita Bi Nikuone, nasikia. Waniite tu. Watoto hawa wanagawiana dawa kama peremende.

Akiona aibu, aje wenzake wakishaingia darasani. Nitamfungulia mlango wa nyuma.

Dada yako.

2 Aprili

Mdogo wangu,

Leo sina salamu. Barua hii anakuletea dereva wa shule, maana simu yako haipatikani. Panda gari urudi naye sasa hivi, usingoje kitu.

Wiki iliyopita Chiriku alikuja dirishani na homa. Nikamuuliza kama amemeza dawa yoyote, akasema hapana. Nikampa vidonge vya homa kwa kipimo chake, siku ile na zilizofuata. Kila mara nilimuuliza, kila mara akasema hapana. Jana alianza kutapika, macho yakawa manjano. Yuko hospitali. Daktari anasema ini limeshindwa, na dawa ya homa mwilini mwake ni nyingi kuliko niliyompa. Sijui aliipata wapi. Njoo, mdogo wangu. Njoo.

Dada yako.

9 Mei

Dada,

Hali sikuulizi. Nilifika nikakuta mwanangu kashafunikwa shuka. Hata kuniita "mama" mara moja sikubahatika kumsikia.

Nani anatoa dawa hapo? Si wewe, na sheria zako, na funguo zako kiunoni? Nimemwambia shemeji yako, nimewaambia majirani, nimemwambia mkuu wa shule: wewe ndiye uliyemmaliza. Nasikia wamekufukuza. Vizuri.

Ila kuna kitu kinanikaba. Likizo fupi ya Machi ilipokwisha alikuwa na mafua. Nilimtilia pakiti za dawa ya mafua ndani ya mkebe wa poda, nikamwambia, "Mama mkubwa akikuuliza, sema hujameza kitu, asije akakunyang'anya." Zilikuwa za mafua tu, dada, si za homa. Zinahusika? Nijibu, hata kama unanichukia.

Mama Chiriku.

20 Mei

Mdogo wangu,

Pole, mama. Pole sana. Natamani ningekuwa karibu nikushike.

Mkebe niliuona nilipokuwa nakusanya vitu vyake. Hazihusiki. Dawa ya mafua inazibua pua tu, ini haigusi. Mimi ndiye niliyekosea. Wenye homa walikuwa wengi, nilichoka, nikampa mara mbili. Uliyowaambia watu ni kweli, usiyabadilishe. Kula, tafadhali. Ulale.

Dada yako.

1 Juni

Dada,

Barua yako niliisoma nikalia kwa furaha, Mungu anisamehe. Usiku ule nililala, mara ya kwanza tangu tumzike. Nikakuchukia kwa raha zangu.

Jana nilishikwa na mafua. Nikaenda duka la dawa, nikaomba pakiti zile zile na vidonge vya homa. Binti wa dukani akanirudishia vidonge. "Mama, usichanganye. Hii ya mafua ina dawa ya homa ndani yake, ile ile. Ukimeza zote utaharibu ini." Nikamuuliza kama manesi wanalijua hilo. Akacheka. "Manesi? Wasipojua wao, nani atajua?"

Nikakaa chini pale pale mlangoni, watu wananiruka.

Ulijua. Ukakubali kuitwa muuaji ili mimi nipate usingizi. Leo asubuhi nimekwenda kwa mkuu wa shule nikamwambia yote. Shemeji yako nimemwambia, na majirani nimewaambia. Kazi yako sijui kama watakurudishia.

Siombi unisamehe, sina uso huo. Lakini mwanangu alikufa akinitii, dada. Kila ulipomuuliza, alinitii mimi. Hilo sina wa kulia naye ila wewe. Njoo unitukane, njoo unipige ukitaka, ila njoo.

Mdogo wako.