Siku Baba Nancy Alipokwenda Chuoni

Hounslow, London
14 Juni 2025

Mpendwa Kaka Geofrey,

Shikamoo. Naamini barua hii inakukuta mzima. Je, goti la wifi Marion limepata nafuu? Na mama, bado anakataa kulala mchana? Sisi hatujambo. Wiki hii jua limetoka, na kazini kila mtu ananiuliza kama nimefurahi, kana kwamba nimelileta mimi.

Kaka, ulipopiga simu uliniomba nimkanye mwanao Aikaeli aachane na habari ya chuo cha ufundi cha VETA, aende kidato cha tano kama wenzake. Nilikuitikia tu, kwa sababu jambo hilo limepita nyumbani kwangu, na kwa simu lisingeelezeka.

Unajua Nancy wetu alipata nafasi ya kusomea sheria. Shemeji yako Francis alitangaza mpaka kanisani. Kabla hata pongezi hazijaisha, Nancy akatuambia ameomba kwingine na amekubaliwa: ajifunze ufundi wa lifti, siku nyingi akiwa kazini na mafundi, siku moja kwa wiki chuoni. Sheria hataki.

Francis hakufoka. Aliacha kusema naye. Tangu Septemba hadi baada ya Pasaka walikula meza moja, na hata chumvi ilipitia kwangu. Nilijaribu kuwapatanisha, nikachoka, nikabaki kuomba.

Kisha mwalimu wao wa chuoni, Mhindi mmoja mpole aitwaye Balwinder, akawaambia kwamba darasa la mwaka ujao lina majina machache mno, na lisipojaa litafungwa. Wazazi wengi hapa ni kama sisi: mtoto akifaulu vizuri, ufundi ni wa watoto wa wengine. Chuo kikaita wazazi wa mtaani jioni moja, na Nancy akaombwa azungumze.

Nilimwambia Francis kwamba mimi nakwenda. Akavaa koti lake la Jumapili, akanifuata, akakaa kiti cha nyuma kabisa.

Nancy alizungumza vizuri. Halafu mama mmoja akamuuliza baba yake alilipokeaje jambo hilo. Akajibu kwa Kiingereza, maana Kiswahili anakielewa ila kinamkwama mdomoni, kwamba baba yake bado hajasema lolote, na kwamba yeye amemkumbuka sana baba yake, ingawa wanaishi nyumba moja.

Kaka, nilitazama chini. Niliposikia kiti kinasogea nyuma, nilidhani Francis anaondoka. Kumbe amesimama.

"Mimi ndiye baba yake," akasema. "Rafiki yangu alikufa ndani ya shimo la lifti kule Dar. Mtu aliwasha umeme bila kujua kwamba yumo. Nataka kujua, mwanangu akiwa mle ndani, nani anazuia umeme usiwashwe?"

Tumeoana miaka ishirini na miwili, na habari hiyo sikuwahi kuisikia.

Balwinder hakutoa hotuba. Alituongoza sote hadi karakana, akamwachia Nancy nafasi. Nancy akazima swichi kubwa ukutani, akaipiga kufuli lenye jina lake, akampa baba yake ufunguo.

"Uko mmoja tu, baba," akamwambia, kwa Kiswahili. "Naingia nao mimi."

Francis akalivuta lile kufuli. Akalivuta tena, kwa nguvu. Kisha akaurudisha ufunguo kwenye kiganja cha Nancy, akakifumba kwa mikono yake miwili, akakishikilia hivyo kwa muda.

Tukiwa kwenye basi kurudi nyumbani alinisimulia habari za yule rafiki yake mpaka tukapitiliza kituo chetu.

Majina yametosha, darasa litaanza. Wazazi wengine walibaki karakana wakiuliza maswali hadi mlinzi akaja kufunga. Francis bado husema sheria Nancy angeiweza, na pengine ni kweli. Ila kila asubuhi humuuliza, "Kufuli unalo?" Naye huitikia, na wote wawili hutoka kwenda kazini.

Kwa hiyo Aikaeli sitamkanya, unisamehe kaka. Wala sikwambii umkubalie leo. Nenda naye chuoni, akuonyeshe hizo mashine za kuchomelea anazozitamani. Kila linalokutisha uliulize hapo hapo, akisikia. Ukitoka hapo na bado unakataa, atajua unakataa kwa nini.

Nisalimie mama, wifi Marion, na Godbless na mkewe. Francis anakusalimu sana. Nancy naye ameniomba niache nafasi amwandikie binamu yake mwenyewe, kwa Kiswahili chake. Sijamsahihisha:

"Aikaeli, baba yako naye anaogopa. Muulize anaogopa nini. Mimi nilichelewa kuuliza."

Mungu aliyetulea sisi awalee na hawa wetu, akushike mkono na wewe.

Mdogo wako akupendaye siku zote,
Elieshi