Baki, kwa Herufi B

Mpendwa aboowe,

Nimekuombea dua kwanza, ndipo nikakaa kuandika. Habari niliyo nayo si nzuri, nawe kaka yangu hukupenda habari mbaya izungushwe. Wanataka kuiondoa baki kwenye kerneli, na wamesema neno la mwisho ni langu.

Wanaosoma barua hii pamoja nawe hawajui baki ni nini, basi niwaeleze kama ulivyokuwa ukiwaeleza wateja pale dukani kwako Garissa, chai ya maziwa ikipoa mkononi. Kerneli ni kile kiini cha kompyuta kinachozigawia kazi zote zamu zao. Kazi mbili zikitaka kitu kimoja, moja inakifunga kwa kufuli, nyingine inangoja. "Ni kisima tu," ulisema. "Ngamia ya watu iko kwa birika. Wewe utasimama habo na ngamia yako inalia, ama utakaa kando mbaka uitwe?" Zamu ikiwa fupi, kusimama ni bora. Ikiwa ndefu, unajichosha bure. Na namba inayosema usimame kiasi gani kabla ya kwenda kando ilikuwa imefichwa ndani kabisa, imewekwa na watu wenye kompyuta kubwa na umeme usiokatika.

Ile zahanati ndogo upande wa Hulugho haikuwa na kompyuta kubwa wala umeme wa kutegemewa. Ilikuwa na mashine moja kuukuu, ikitumia umeme wa jua pamoja na friji ya chanjo. Kazi zikisimama mbele ya kufuli na kuzunguka bure, betri iliisha, friji ikazima, na chanjo za watoto zikaharibika. Wagonjwa walipozidi, kazi za mashine nazo zilizidi na namba ilitaka kupunguzwa, na kuipunguza kulitaka kerneli itengenezwe upya Garissa, kisha uipeleke mwenyewe kwa gari, kwenye barabara ile. Hooyo, mama yetu, hakuwa akila vizuri mpaka urudi.

Ndiyo maana ulitaka namba itolewe nje, mahali ambapo mtu anaweza kuiandika akielekezwa kwa simu. Kikundi chetu cha kutunza kerneli ya mashine kuukuu kiligoma. Mzee Athumani wa Tanga, msimamizi wetu, alikuambia kwa ile sauti yake ya taratibu, "Bwana mdogo, namba hii si ya kila mkono. Kitu ukishakitoa nje hukirudishi ndani, maadamu yupo hata mtu mmoja anayekitumia." Ukamjibu, "Mzee, mwenye kukaa na ngamia ndio anajua kiu yake." Mlibishana hivyo hadi nikachoka mimi msikilizaji. Nilikutania kwamba ungetafuta mke kwa bidii hiyo, hooyo angekuwa na wajukuu wa kumchosha.

Mwishowe wakakubali. Jina ulilichagua mwenyewe, la Kiswahili, ili wauguzi walielewe. Ulikusudia paki, yaani kazi ikapaki kando kama gari. Ukaandika baki.

Lo, tulicheka! Sisi Wasomali p hutuponyoka mdomoni, lakini wewe ilikuponyoka hadi vidoleni. Si wewe uliyemwambia yule mwenye tuktuk kutoka Meru, pale sokoni, "Baki hapa," naye akauliza, "Nibaki mpaka saa ngapi?" Athumani aliliona kosa likiwa limeshatoka kwa watu, na kwa sheria yake mwenyewe halikubadilishika. Akaandika, "Basi baki na ibaki."

Siku uliyoipeleka ulinipigia ukiwa bado zahanati. Muuguzi Mwende, yule wa Kitui, alikuwa anajifunza kuiandika, nami nikawa nawasikia. Ulimwambia baki, naye kwa kuwa alishakuzoea akaandika paki, kompyuta ikakataa. "Fundi, hii haitaki," akasema. "Andika kama mimi nasema," ukamwambia. "Leo mimi ndio nasema sawa." Akaangua kicheko mpaka akakohoa. Kisha ukaniambia mimi, kwa furaha ambayo sijaisikia tena kwa mtu, "Abaayo, dada yangu, imekubali. Barabara hii sirudi tena kwa sababu ya namba."

Hukurudi. Gari lenu lilikanyaga kitu kilichofukiwa barabarani, kikalipuka, mchana kweupe. Ulikuwa unatoka kwenye safari iliyokusudiwa kuzimaliza safari. Watu waliniambia ni kadari. Ni kadari kweli, lakini aliyekifukia kile kitu ana mikono na ana mama, nami sijamsamehe.

Baki ilifanya kazi, hilo ulijue. Mwende alinipigia kila betri ilipolegea, nikamtajia namba, akaandika, friji ikanguruma. Hooyo hajui kompyuta, lakini alikuwa akinisikia nikisema "andika baki" kwenye simu, na kila mara alisema, "Sauti ya kaka yako hiyo."

Majuzi Athumani akauliza kikundi kizima kama kuna anayeitumia bado. Wanatengeneza kufuli jipya, bora, la mashine zetu zote, na la zamani haliwezi kuguswa wakati baki bado imening'inia humo. Kando akaniandikia peke yangu, "Dada, ukisema yupo, naiacha. Sitakuuliza mara ya pili."

Nikampigia Mwende. Yuko kwao Kitui. "Zahanati ilifungwa, dada," akasema. "Walikuja watu na bunduki. Hawakutuua, lakini tuliondoka na nguo tu. Friji niliiacha mlango wazi." Nikamuuliza kuhusu kompyuta. "Iko huko huko. Nani ataiwasha?" Nikauliza akina mama wanapeleka wapi watoto kuchanjwa sasa. "Hawapeleki," akasema.

Aboowe, nilitaka kusema uongo. Neno moja tu, yupo, na ile b yako ingekaa humo hata baada yangu. Nani angenishtaki? Lakini namba ile uliitoa kwa ajili ya mwenye kiu. Ukiwawekea zamu ya birika ngamia wasiokuwepo, walio hai wanasimama juani. Wewe ndiye uliyenifunza hivyo, na nimekukasirikia kwa kunifunza.

Nikamwandikia Athumani, "Hakuna aliyebaki." Kisha nikaenda kumwambia hooyo. Alikuwa anakunja mswala wake. Aliukunja, akaukunjua, akaukunja tena.

"Kwa hiyo neno lake hatutalisikia tena," akasema.

"Hatutalisikia, hooyo."

Hakulia. Aliniambia niteleke chai, nikateleka, tukainywa. Nimechoka, kaka yangu, na nakukumbuka mno.

Kila ulipokuwa ukitoka kwenda huko, begi begani, ulisimama mlangoni ukaniambia, "Baki na hooyo." Hapo b yako ilikuwa mahali pake, hapakuwa na wa kukusahihisha. Lala, aboowe. Kule wanaifuta. Hapa mimi nimebaki.

Abaayo wako