Fungu la Tatu

Mwaka umetimia, mama, tangu kitana kilipokuponyoka mkononi ukiwa katikati ya kazi. Dada wa duka la dawa, aliyekuwa kitini kwako, alikuja kukuzika na kichwa kilichosukwa nusu. Alikataa mtu mwingine ammalizie.

Ulikuwa msusi siku sita, na Jumapili mwalimu wa watoto kanisani, lakini somo lilikuwa lile lile. "Mafungu matatu, msuko mmoja," uliwaambia wateja huku ukivuta nywele. "Baba anapenda, Mwana anapendwa, na Roho ndiye upendo wenyewe unaopita kati yao."

"Mwalimu, legeza huo Utatu, macho yananitoka!" walikulilia. Nawe ukacheka, ukalegeza kidogo tu.

Aliyekuja analia alisukwa kwanza, akaulizwa baadaye. Chai yako ilipoa kila siku juu ya droo ya vitana.

Ndani ya droo hiyo tulikuta daftari lako la mashairi. Ubeti wa Baba umekamilika. Wa Mwana pia. Wa tatu umeishia hapa: "Na Roho ndiye…" Mchungaji aliomba tuumalize, usomwe leo kanisani. Nilikaa na kalamu wiki nzima, nikashindwa, nikampelekea baba kwenye meza yake ya kutengeneza redio. Akasoma, akavua miwani.

"Hapo alikuwa yeye," akasema. "Uache ulivyo."

Hatukujua, mama, kwamba nyumbani kwetu wewe ndiwe uliyekuwa ukipita kati yetu. Baba alipotaka kunisifu, alikuambia wewe. Mimi nilipomkosea, nilikuja kuomba radhi kwako. Sasa tunapeana chumvi mezani bila neno. Watu wema wanatuambia upendo wa Mungu utatushika. Tumeungoja mwaka mzima. Nasali kama ulivyonifundisha, na sisikii kitu.

Dada wa duka la dawa aliufumua ule msuko mwezi wa pili baada ya mazishi, akaja kuniomba msamaha. Nikamwambia hana kosa, nywele zinaota.

Mafungu mawili hayasukiki, mama. Tumejaribu.

Wanaokukumbuka ni mumeo, fundi redio, na mimi binti yako wa pekee. Tunakukumbuka daima, kila mtu chumbani kwake.